Kuvua kwenye Matete: Anza na Uzi, Malizia na Chambo

Mvuvi wa ndoano wa hapa Bujumbura akipata pesa kidogo, mara nyingi hukimbilia kununua chambo bandia kinachong'aa. Uzi unabaki ule ule wa zamani, na ndoano ni zile zilizokuja na chambo. Akivua maji wazi, zana hizo zinaweza kumsitiri. Akihamia kwenye matete, zitamwangusha siku ile ile. Sangala mkubwa atauma, atageuka kurudi kwenye mashina, na uzi utakatika kabla mvuvi hajakaa sawa. Hasara hiyo si ya mvuvi peke yake. Samaki anaondoka na ndoano mdomoni akiburuta uzi, uzi unajizungusha kwenye mashina, naye anafia humo humo bila kumfaa mtu yeyote.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuvua kwenye vichaka vya majini ni huu: chagua zana zako kwa kufikiria samaki atatokaje, kabla ya kufikiria atauma nini. Anza na kichaka chenyewe. Kutoka hapo nenda kwenye uzi, ndoano, fimbo na rili. Chambo kije mwisho. Mwenye kufuata mpangilio huo hatapoteza pesa, na hataacha samaki waliojeruhiwa nyuma yake.

Ziwa tunalolijua na ukingo tusioujua

Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa, na maarifa yetu mengi ya uvuvi yamejengwa juu ya maji hayo makubwa. Mitumbwi ya apollo inatoka jioni, taa zinawashwa, na usiku unakuwa wa ndagala na mukeke. Ni elimu kubwa, na mji huu umekula kwa elimu hiyo kwa miaka mingi. Lakini taa na nyavu hazikufundishi namna ya kumtoa samaki mmoja mzito katikati ya matete.

Upande huu wa kaskazini vichaka vya majini ni vingi. Mto Rusizi unashuka kutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake ya udongo hapa karibu na mji, na kwenye delta yake yameota matete, mafunjo na nyasi za majini. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha nayo inaingia ziwani ikibeba mchanga na takataka kutoka milimani, na kwenye midomo yake nyasi hushika haraka. Tena ziwa limepanda. Mafuriko ya mwaka 2021 na yale ya 2024 yaliingiza maji kwenye nyumba, mashamba na barabara za Gatumba na mitaa mingine ya ufukweni. Watu wamepata hasara kubwa, na ninapozungumzia uvuvi sisahau hilo. Kwa mvuvi, matokeo yake ni kwamba miti, nyaya za uzio na kuta zilizokuwa nchi kavu zimejikuta majini.

Ndani ya vichaka hivi wanaishi samaki wa tabia mbalimbali. Sangala, kama ndugu zake wengine, huvizia: anasimama kivulini bila kusogea, kisha anaruka mara moja. Kambale anatembea chini kwenye tope akipapasa kwa sharubu zake. Kamongo anakaa kwenye maji yaliyotulia penye nyasi nene. Ngege anakula majani na vijidudu, naye anawavuta wakubwa wanaomla. Na pembeni, pale nyasi zinapokutana na maji yenye mkondo, hupita mbenga, samaki wa meno makali ambaye Wakongo wanamjua vizuri.

Vitabu na video nyingi za uvuvi wa kwenye vichaka zinatoka Marekani, nazo zinamhusu samaki wao anayeitwa bass. Kwetu hayupo. Alipandwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Hata hivyo mafunzo hayo yanatufaa, kwa sababu bass na sangala wanavizia kwa namna moja, na wote wawili wakinaswa wanakimbilia kwenye kichaka. Cha kufanya ni kuyapima mafunzo hayo kwa maji yetu, maana bass hana mashavu yanayokata kama ya sangala, wala maji ya Marekani hayana viboko.

Kwanza kisome kichaka

Kabla ya kufungua mfuko wako wa zana, simama uangalie. Vichaka vyetu ni vya aina nne, na kila kimoja kina madai yake.

Cha kwanza ni matete yaliyosimama. Mashina yake yamesimama wima na kati yake kuna vichochoro. Samaki hukaa ndani kidogo, akitazama nje. Chambo kinatakiwa kushuka wima kwenye kichochoro na kupanda wima. Ukikivuta kwa ulalo kitanasa kila shina.

Cha pili ni zulia la gugu maji na nyasi zinazoelea. Juu panaonekana kama shamba, chini kuna paa lenye kivuli na maji ya wazi. Hapa una njia mbili tu: kupita juu ya zulia kwa chambo kinachoelea, au kulitoboa kwa chambo kizito.

Cha tatu ni miti iliyozama, pamoja na nyaya na kuta. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote kwa uzi, kwa sababu mti haukatiki na ukuta una kingo. Usitupe katikati. Pitisha chambo ubavuni, kikigusa tawi na kuliacha.

Cha nne ni ukingo wenyewe, mstari ambapo nyasi zinaishia na maji wazi yanaanza. Anayeanza aanzie hapa. Samaki wengi wanaowinda hupita kwenye mstari huo alfajiri na jioni, na ukimnasa mmoja una nafasi ya kumvuta upande wa maji wazi.

Tazama pia dalili. Matete yanayotikisika bila upepo yana kitu chini yake. Samaki wadogo wanaoruka kwa pamoja wamefukuzwa. Pembe ya nyasi iliyojitokeza, kishimo katikati ya zulia, shina moja nene lililosimama peke yake: hapo ndipo pa kutupa kwanza, kwa sababu mviziaji hupenda mahali penye tofauti.

Uzi ndio moyo wa kazi hii

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua uzi. Kwa matete na gugu maji, uzi wa kusuka hauna mpinzani. Ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ile ile, haunyumbuki, na ukikazwa unakata mashina laini. Kutonyumbuka kwake kuna maana kubwa: ukivuta, nguvu ya mkono wako inafika kwenye ndoano papo hapo, na samaki hapati ile nusu mita ya kugeuka. Chagua uzi wa nguvu ya kilo 20 hadi 30. Anayezoea maji wazi ataona ni mkubwa kupita kiasi, lakini unaponyanyua samaki wa kilo 4 aliyejifunika nyasi za kilo nyingine kadhaa, unanyanyua vyote kwa pamoja.

Kwenye miti iliyozama mambo yanabadilika. Uzi wa kusuka ukisugua tawi huingia ndani ya gamba na kukwama humo, na ukisugua ukuta nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja. Hapo nailoni nene, au uzi wa fluorokaboni, unateleza vizuri zaidi juu ya mti na kuvumilia msuguano. Ukiwa na rili moja tu, weka uzi wa kusuka, kisha funga mbele yake kipande cha nailoni nene cha nusu mita hadi mita moja, cha unene wa milimita 0.6 hadi 0.8.

Kipande hicho kina kazi nyingine. Mashavu ya sangala yana kingo kali na miiba, na kinywa chake kina meno madogo yanayokwaruza kama msasa. Uzi mwembamba ukipita hapo mara kadhaa unakwisha. Mbenga ni zaidi: nailoni yoyote anaikata. Mahali anapopita, weka waya mwembamba wa chuma wa sentimita 15 hadi 20 kati ya uzi na ndoano.

Unaponunua, usitazame maandishi ya kwenye kibandiko peke yake. Uliza uzi umekaa dukani muda gani na umekaa wapi, kwa sababu nailoni iliyoanikwa dirishani juani hupoteza nguvu ingawa haijawahi kuguswa. Vuta mita mbili, ufunge fundo, ulilowanishe kwa mate, kisha ulikaze kwa nguvu. Uzi mbovu utakatikia hapo hapo.

Fundo moja linatosha kwa kazi nyingi, nalo linaitwa Palomar. Kunja uzi uwe mara mbili, upitishe kwenye tundu la ndoano, ufunge fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa, upitishe ndoano nzima ndani ya kitanzi kilichobaki, kisha ulowanishe na kukaza taratibu. Lifunge upya kila baada ya samaki mkubwa, na kata sentimita chache za mwisho kila zinapokwaruza kidole.

Ndoano moja, ncha iliyofichwa

Ndoano zenye ncha tatu ni za maji wazi. Kwenye nyasi ncha moja inamshika samaki, mbili zinashika shina, na hapo mvutano unakwisha. Zitoe kwenye vyambo vyako uweke ndoano moja nene.

Kwa chambo laini cha mpira, tumia ndoano pana yenye shingo iliyopinda, namba 3/0 hadi 5/0 kulingana na ukubwa wa chambo. Ncha yake unaichoma ndani ya kichwa cha chambo, unaitoa, unaizungusha, kisha unaichoma tena mwilini hadi ikaribie kutokeza upande wa pili. Imefichwa, kwa hiyo haishiki nyasi. Samaki akibana mdomo, mpira unalala na ncha inatoka. Ndiyo maana mpira ukiwa mgumu sana haufai.

Chuma cha ndoano kiwe kinene. Uzi wa kilo 25 ukivutwa kwa fimbo ngumu unaweza kunyoosha ndoano nyembamba ikawa kama sindano. Ipime dukani: ishike kwa koleo, uibane kidogo. Inayopinda kwa nguvu ya vidole iache hapo hapo. Tazama pia tundu lake, kama limefungwa sawasawa, kwa sababu uzi wa kusuka hupenya kwenye mwanya mdogo. Ukali upime kwenye ukucha: ndoano kali hukwama, butu huteleza. Beba tupa ndogo, kwa sababu kila ikigonga mti inapoteza makali.

Nakushauri pia ukibonyeze kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha. Uzi ukibaki umekazwa samaki hatoki, na ukitaka kumwachia mdogo unamtoa bila kumchana. Siku ndoano itakapoingia kidoleni mwako utashukuru.

Fimbo, rili, na mwanzi mrefu

Fimbo ya kazi hii iwe ngumu, yenye mgongo, ya urefu wa mita 2.1 hadi 2.3. Ncha inyumbuke kidogo tu ili uhisi kinachoendelea, na kuanzia katikati kurudi chini isikubali kupinda ovyo. Urefu unakusaidia kuinua uzi juu ya nyasi na kumgeuza samaki kichwa. Rili iwe na meno imara na breki unayoweza kuikaza karibu na mwisho. Inayokusanya uzi haraka ni bora, kwa sababu sekunde mbili za kwanza baada ya samaki kuuma ndizo zinazoamua.

Asiye na rili asikate tamaa. Mwanzi uliokauka vizuri, wa mita 3 hadi 4, wenye uzi wa kusuka mfupi uliofungwa kwenye ncha na kuteremshwa ukizungushwa hadi shikio, ni chombo kamili cha matete. Unasimama mbali, unanyoosha mwanzi juu ya kichochoro, unashusha chambo wima, unakitikisa, unakitoa, unahamia kichochoro cha pili. Hakuna mtupo wala kunasa, na chambo kinaingia kimya kuliko cha mwenye rili ya bei kubwa. Namna hii ina heshima yake duniani. Miaka ya 1970 mvuvi wa California, Dee Thomas, aliingia kwenye mashindano ya bass akivua kwa fito ndefu, kama wavuvi wa kwao walivyozoea kufanya kwenye matete yao. Alipokatazwa urefu ule akapunguza fimbo na kuubakiza ufundi wenyewe, na leo ufundi huo unafundishwa kila mahali wanapovua bass.

Chubwi: uzito unaofuata unene wa nyasi

Uzito wa chubwi usiamuliwe na mazoea. Matete yenye nafasi yanahitaji gramu 7 hadi 14, ili chambo kishuke polepole, maana samaki wengi huuma chambo kikiwa bado kinashuka. Zulia nene la gugu maji linahitaji gramu 25 hadi 40, vinginevyo chambo kitakaa juu ya majani. Chubwi iwe na umbo la risasi ya bunduki, imechongoka mbele, na uzi upite katikati yake. Kwenye nyasi nene izuie kwa kijiti cha kiberiti ili isiachane na chambo, kwa sababu vikitengana kimoja kitabaki juu na kingine chini.

Maduka ya nje yanauza chubwi za tungsteni. Madini hayo yana uzito wa karibu gramu 19 kwa kila sentimita ya ujazo, na risasi ina gramu 11, kwa hiyo kwa uzito ule ule tungsteni ni ndogo na inapenya vizuri zaidi. Lakini bei yake ni kubwa, na sioni sababu ya mtu wa hapa kuihangaikia. Nati za chuma kutoka kwenye gereji za mtaa wa Buyenzi zinatosha. Plagi ya gari iliyokwisha kazi inafaa sana kwa uvuvi wa chini, ukiifunga kwa uzi dhaifu kuliko uzi wako mkuu: plagi ikinasa, uzi dhaifu unakatika, nawe unabaki na samaki na ndoano yako. Usiyeyushe risasi ya betri nyumbani. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Sasa tuzungumze chambo

Ukifika hapa ukiwa na uzi na ndoano sahihi, vyambo vitatu vinakutosha.

Cha kwanza ni chura anayeelea. Mwili wake ni laini, mtupu ndani, na ndoano mbili zimelala mgongoni zikitazama juu. Anapita juu ya gugu maji bila kunasa. Mtembeze kwa mivuto mifupi, na kila akifika kwenye kishimo cha maji mwache atulie kidogo. Samaki atampiga kwa kishindo, na hapo wengi hukosea kwa kuvuta papo hapo na kumnyang'anya kabla hajafunga mdomo. Shusha ncha ya fimbo, subiri hadi uhisi uzito, ndipo uvute kwa nguvu zako zote.

Cha pili ni chambo laini chenye umbo la samaki au mnyoo, kwenye ndoano iliyofichwa na chubwi iliyochongoka. Hiki ndicho cha kila siku, kwenye matete na kwenye miti. Kiwe cha sentimita 8 hadi 12. Sangala wa hapa wamelelewa kwa ndagala, na ndagala wengi hawazidi sentimita 10, kwa hiyo maji yakiwa safi rangi ya fedha yenye mgongo mweusi inatosha.

Cha tatu ni kijiko cha chuma chenye ndoano moja na kizuizi cha waya mbele ya ncha. Hiki ni cha ukingoni, cha kutafutia samaki kwa haraka kwenye eneo kubwa. Kinamulika na kutetemesha maji.

Rangi zisikuchanganye. Kuanzia mvua zinapoanza hadi mwezi wa Mei, Rusizi na mito ya mjini inaleta maji ya kahawia, na kwenye maji hayo samaki anaona kivuli kabla ya rangi. Tumia nyeusi au rangi nzito, yenye mtikisiko au mlio. Wakati wa kiangazi maji yakisafika, rudi kwenye fedha, nyeupe na kijani kilichofifia. Alfajiri na jioni nyeusi inafaa tena, kwa sababu samaki anatazama kutoka chini akiwa na mwanga wa mbingu juu yake.

Vyambo viwili kati ya hivyo unaweza kuvitengeneza. Kandambili iliyochakaa inaelea na inachongeka kwa kisu: ikate umbo la chura la urefu wa kidole, toboa, pitisha ndoano ncha zikitazama juu, na ufunge nyuma vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli viwe miguu. Kijiko cha chakula kilichokatwa shikio, kikalainishwa kingo kwa tupa na kutobolewa ncha zote mbili, ni chambo kizuri. Kizuizi chake tengeneza kwa nyuzi mbili za waya wa breki ya baiskeli: zifunge shingoni mwa ndoano, zipinde hadi ziipite ncha kidogo. Ziwe laini kiasi kwamba kidole kikizibonyeza zinalala bila ubishi.

Kambale na kamongo wana sheria yao. Wanafuata harufu, na chambo bandia kwao ni kupoteza muda. Tumia ndagala wabichi, utumbo wa kuku au mafundo ya minyoo, kwenye ndoano moja kubwa, karibu na chini, kando ya nyasi badala ya ndani yake. Uzi na nguvu ya fimbo vibaki vile vile. Kamongo ana taya zinazosaga, kwa hiyo usiingize vidole mdomoni mwake hata akionekana amekufa.

Kumtoa

Kaza breki kabla ya kutupa. Samaki akishauma, kazi yako ni kichwa chake: kikitazama juu, mwili unafuata, kikigeuka chini umekwisha. Inua fimbo, zungusha rili bila kusimama, na mlete juu ya nyasi ateleze juu yake. Akijifunga kwenye shina usivute kwa hasira. Legeza kidogo, subiri, mara nyingi atatoka kwa njia aliyoingilia. Ikishindikana na uko kwenye mtumbwi, mfuate alipo. Ukiwa nchi kavu, usimfuate majini.

Uhai wako kwanza

Hilo la mwisho nalisema kwa uzito wote. Delta ya Rusizi ina mamba wa kutosha, na jina la mmoja wao, Gustave, limetoka hapa likazunguka dunia. Viboko wanatoka majini jioni kuja kula majani, hata kwenye fukwe za mjini, na aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya kabisa. Usiingie kwenye matete kwa miguu, hata maji yakiwa ya goti. Usisafishe samaki pale unapovulia. Ondoka kabla giza halijaingia. Nenda na mwenzako, na muulize mzee wa pwani ile wanyama wameonekana wapi wiki hii, kwa sababu taarifa yake ni ya leo. Pamoja na wanyama kuna kichocho, ambacho kinapatikana kwenye maji yaliyotulia penye nyasi na konokono, nacho kinaingia kupitia ngozi. Mwanzi mrefu unakusaidia hapa pia: unafika ndani ukiwa umebaki pakavu.

Matete ni malezi

Nimalizie na jambo linalobeba mengine yote. Jamaa za sangala wa Tanganyika wanapokuwa wadogo hujificha kwenye nyasi za ukingoni, wakikua wanatoka kwenda maji makubwa. Ngege nao wanalea humo. Kwa hiyo kila unapotupa ndoano kwenye matete unavua mlangoni mwa nyumba ya watoto. Sangala mdogo mrudishe akiwa hai, na mikono yako iwe imelowana unapomshika. Chukua mkubwa mmoja wa kula nyumbani, uridhike. Usikate matete kujifungulia njia, na uzi uliokatika uukusanye urudi nao.

Fuata sheria pia. Sehemu kubwa ya delta iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, ambayo tangu 2002 imo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Humo si mahali pa kwenda kutupa ndoano kwa kujiamulia. Waulize walinzi mipaka iko wapi na uvue nje yake. Nchi nne za ziwa hili, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zina mamlaka yao ya pamoja yenye makao hapa Bujumbura, na zimekubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka. Tanzania kwa upande wake ilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Kabla ya kwenda, pita kwenye ofisi ya uvuvi uulize tarehe za mwaka huu. Ukikuta pamefungwa, tumia muda huo kunoa ndoano na kuchonga vyura.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na pesa ya leo tu, nunua uzi mzuri wa kusuka na ndoano tano nene, kata mwanzi mmoja mrefu, na chukua kandambili iliyotupwa uchonge chambo. Kwa zana hizo utamtoa samaki ambaye mwenye chambo cha bei kubwa na uzi mbovu atamwacha afe ndani ya matete. Uvue kwa nguvu inayotosha, uchukue kinachotosha, na uwafundishe vijana wafanye hivyo hivyo.